Ngozi Iliyokufa na Ngozi Iliyo Hai

Wako watu wasemao ya kwamba Mkristo avipakaye viatu vyake dawa Jumamosi jioni ni mtu wa majivuno, naye ataka kutazamwa kanisani. Mimi sidhani hivyo. Kitu kilichonunuliwa kwa jasho, kukiacha kiharibike si unyenyekevu, bali ni uvivu.

Kwanza tufikiri, kiatu ni nini? Ni ngozi ya mnyama, iliyotengenezwa kwa maji ya magome ya miti, kama miwati ilimwayo Njombe, au kwa dawa nyingine, isipate kuoza. Mnyama amekwisha kufa. Mafuta hayaji tena kutoka ndani, hayana budi kutiwa kwa nje. Basi mtunzaji mwema huanza kwa kuondoa udongo kwa brashi na kitambaa chenye maji kidogo, kwa maana mchanga hukwaruza ngozi. Kiatu kilicholowa hukijaza karatasi, akakiweka kivulini. Akikianika karibu na moto, ngozi hukakamaa na kupasuka. Kikiisha kukauka, hupaka dawa kidogo, akangoja, akasugua. Apakaye dawa juu ya matope huficha uchafu, hauondoi.

Hayo yote nalikuwa nikiyafundisha shuleni, nikajiona mwalimu mwema. Tena kila Jumamosi nalimpa mtoto mmoja viatu vyangu avisafishe. Siku moja aliponiletea, viking'aa kama kioo, nalitazama chini nikaona visigino vyake vimepasuka, na katika nyufa mna damu. Ngozi iliyokufa ilipata mafuta kila juma, na ngozi iliyo hai, iliyoitumikia, haikupata hata tone. Naliona haya, nisiweze kumtazama usoni.

Basi nalitambua ya kuwa kung'arisha viatu kwafaa. Swali lililo kubwa ni hili: ni nani ainamaye, na kwa ajili ya nani? Bwana wetu alipolitwaa beseni hakulazimishwa na mtu. Aliinama mwenyewe, akaosha miguu ya wale ambao iliwapasa kumwosha yeye.

Tangu siku ile navisafisha viatu vyangu kwa mikono yangu. Karibu na kopo la dawa nimeweka chupa ya mafuta, na mtoto mwenye miguu iliyopasuka hupakwa kwanza, ndipo viatu vifuate.