Kichupa Kilichobaki Kimejaa

Mzee mmoja wa Majoreni, mvuvi wa miaka mingi, aliingiwa na mtoto wa jicho macho yote mawili hata akawa hamtambui mjukuu wake mpaka aseme. Akapangiwa upasuaji wa jicho la kulia, na siku ikaangukia ndani ya Ramadhani. Alipewa kichupa cha dawa ya matone, akaagizwa aanze kutia siku moja kabla.

Tone la kwanza lilimwasha. Jirani naye akamwambia dawa ya jicho hushuka kooni na kubatilisha saumu. Mzee akakifunga kichupa. Laiti angemuuliza sheikh! Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa pwani yetu, dawa ya jicho haibatilishi saumu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi nalo, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilikubali matone ya macho, mradi mtu asimeze kinachofika kooni.

Hospitalini muuguzi akamuuliza, "Mzee, dawa ulitia?"

"Nilitia, mwanangu."

Akatiwa matone mengine, ya kupanua mboni, na mboni ikafunguka vizuri. Hakuna aliyeshuku, kwa kuwa kazi ya dawa aliyoiacha haionekani kabla ya kisu. Dawa ile haifungui mboni. Inaizuia isijifunge. Daktari anapoingiza vifaa, ile pete yenye rangi inayoizunguka mboni huguswa, na jicho likiumizwa hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huikaza mboni. Dawa hizi, kama flurbiprofeni na ketorolaki, ni za ukoo mmoja na aspirini, na huzuia kemikali hizo zisitengenezwe. Mwingereza John Vane ndiye aliyeonyesha mwaka 1971 kwamba aspirini hufanya kazi kwa njia hiyo, akashiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Marekani iliidhinisha matone ya flurbiprofeni kwa kazi hii mwaka 1986: tone moja kila nusu saa, kuanzia saa mbili kabla ya upasuaji. Lazima yatangulie. Prostaglandini zikishatoka, dawa haizirudishi.

Katikati ya upasuaji mboni ya mzee ikaanza kunywea. Daktari akaongeza dawa ndani ya jicho, ikafunguka kidogo tu. Ikabidi aitoe lenzi iliyokomaa kwa kupitia tundu dogo, asiyaone vyema yaliyo nyuma yake. Kifuko chembamba kinachoishika lenzi kikachanika, ute wa ndani ukasukumika mbele. Lenzi bandia haikuwekwa siku hiyo. Mzee akarudi Majoreni na bandeji, na miadi ya upasuaji mwingine.

Ni kweli kwamba mboni huweza kunywea hata kwa aliyetia kila tone, hasa mwenye kisukari au anayemeza tamsulosini, dawa wanayopewa wazee wenye shida ya mkojo. Ndiyo maana daktari huuliza dawa zote. Lakini kwa huyu, lililozuilika halikuzuiwa.

Zamu ya jicho la kushoto ilipofika, muuguzi akauliza swali lilelile.

"Jana nilitia. Leo asubuhi nimesahau."

Muuguzi akamtia papo hapo, akamsogeza mwisho wa foleni ili dawa ipate muda. Alifanyiwa upasuaji baada ya adhuhuri, na lenzi ikawekwa.