Daftari la Kibandani Njokerio

Mwanafunzi akienda kusoma nchi jirani, watu wa nyumbani humshauri apike mwenyewe ili pesa ikae. Ushauri mzuri, ila hautoki kwa mtu aliyewahi kuchemsha maharage Njoro. Chuo Kikuu cha Egerton, hapo Njoro nchini Kenya, kiko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Maji huko huchemka mapema, kabla ya kufikia joto ambalo maji ya Dar es Salaam huchemkia, na maharage hayaivi upesi. Mtungi mdogo wa gesi unaisha bado yanagonga meno. Ndiyo maana sisi tuliotoka Tanzania, pamoja na Warundi na vijana wa Sudan Kusini, tuliishia kwenye vibanda vya Njokerio, nje ya chuo.

Chakula chenyewe kilikuwa chapati kwa madondo, yaani maharage. Mama mwenye kibanda aliloweka maharage usiku, akayabandika kwenye makaa kabla hakujapambazuka, na kufika saa sita mchuzi ulishakuwa mzito wenyewe. Chapati zilikaa kwenye ndoo ya plastiki, zimefunikwa nailoni na juu yake kitambaa. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo. Alicheka hadi akashika meza.

Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya unga, kwa kuwa Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje. Kibandani bei haikuguswa. Chapati ilipungua unene, halafu upana, na sote tukajifanya hatuoni. Na hapo hapo Njoro kuna kituo cha utafiti ambako ngano kutoka nchi nyingi hupandwa ili kupimwa dhidi ya Ug99, ile kutu ya shina iliyotambuliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990! Maharage nayo yana wataalamu wake: Egerton wametoa mbegu kama Chelalang na Ciankui. Mwenzangu mmoja alishinda shambani akihesabu maganda ya maharage, jioni akaja kibandani kuyala.

Lakini bei peke yake isingetufikisha mbali. Pesa za ufadhili zilichelewa, na hoteli za Nakuru, mji uliopandishwa kuwa jiji Desemba 2021, hazikopeshi mgeni. Mama alikuwa na daftari. Ukimwambia, "Niandikie, Mama," alikuuliza jambo moja tu: "Na jioni utakula nini?" Humo tuliandikwa kwa majina aliyotupa mwenyewe: Mtanzania, Mrundi Mrefu, Sudan wa Miwani. Hatukuwa na ndugu pale wala mdhamini. Yeyote kati yetu angeweza kudandia gari la kwenda mpakani Namanga na asionekane tena. Waliofanya hivyo walikuwepo. Aliwapiga mstari kwa kalamu nyekundu, na sisi tuliobaki akaendelea kutuandika.

Tulikuwa tukijisifu kwamba tunajua kubana matumizi. Mtaji wa yule mama ulikuwa gunia la maharage na unga wa kesho, na deni letu likivuka mwisho wa mwezi, karo ya mwanawe ndiyo iliyongoja. Wapangaji wa ufadhili huandika "chakula" kwenye mstari mmoja wa bajeti, kisha hukaa na pesa mpaka muhula uko katikati. Wangeambiwa kwamba muda wote huo wanakopa kwa mwanamke mwenye gunia moja, nadhani wangetuma hata nusu kabla chuo hakijafunguliwa.