Tumshukuru Nani, Chupa au Mtoto?

Wapo watoto wasiotulia. Wazazi wanajua, na walimu wanajua zaidi. Hatusemi juu ya michezo ya kawaida, maana mtoto asiyecheza ni mgonjwa. Twasema juu ya yule anayetumwa kuchota maji akarudi na panzi mkononi, bila ndoo, wala hakumbuki ndoo ameiacha wapi. Anaanza hesabu tano, hamalizi hata moja. Anaadhibiwa, analia kwa kweli, anaahidi. Na kabla jua halijachwa amekwisha kurudia kosa lile lile, na ukimtazama usoni huoni dharau hata kidogo.

Sisi tunaoandika tunaye mtoto wa namna hiyo, wa tatu kati ya watano. Kwa miaka miwili tulimwita mkaidi. Halafu mganga wa hospitali hapa Bukavu alitueleza kwamba hali hiyo ina jina, kwamba ni upungufu wa usikivu na utulivu, na kwamba katika kila watoto mia wapata watano wanao, Ulaya kama mahali pengine. Tulirudi nyumbani kimya. Tulikuwa tunahesabu fimbo zilizopita.

Ziko dawa za hospitali kwa ajili ya watoto hawa. Si jambo jipya: tangu mwaka 1937 mganga Charles Bradley, huko Rhode Island katika Marekani, aliandika kwamba dawa fulani ya kuchangamsha mwili iliwatuliza watoto wa hospitali yake na kuwapa moyo wa kusoma. Lakini sisi tuliogopa dawa. Basi shemeji yetu anayekaa Brussels alipotutumia chupa ya vidonge vya mafuta ya samaki, tulifurahi mno. Aliandika: «Msiogope, hii si dawa, ni chakula tu.» (Mafuta ya samaki, na sisi tunakaa kando ya ziwa la sambaza! Lakini kitu kilichotoka mbali kina heshima yake.)

Neno lile «chakula tu» ndilo lililotulaza usingizi. Mtu akipewa dawa anauliza: ni ya siku ngapi? Ina hatari gani? Nani ameiagiza? Akipewa chakula hauliza kitu. Kumbe vingi vinavyouzwa kwa jina la chakula cha akili vina nguvu ya kudhuru. Vidonge vya chuma, kwa mfano, vinasaidia mwenye upungufu wa damu. Lakini mtoto mdogo akivipata mezani na kuvimeza vingi kama pipi, vyaweza kumwua. Vitamini A nayo ikizidi ni sumu.

Tulimpa mtoto vidonge vile muda wa miezi saba. Chupa ilipokwisha tulinunua nyingine, na bei ya moja ilitosha kununua daftari za watoto wote watano. Je, alipona? Hapo ndipo tunapotaka kusema wazi, ingawa ni aibu. Mtoto alipokuwa na siku njema, akamaliza kazi yake ya shule, tulisema: vidonge vinafanya kazi. Alipokuwa na siku mbaya tulisema: mtoto huyu hana shukrani, tunatumia fedha zote hizi naye hataki kujikaza. Siku njema zilikuwa za chupa, siku mbaya zilikuwa zake. Ni nani mwenye duka angekubali mzani wa namna hiyo?

Naye aliusoma mzani wetu kuliko tulivyodhani. Siku moja alimwaga mafuta ya taa jikoni. Mama yake alipomkemea, alijibu kwa upole kabisa: «Mama, si mimi. Leo hamkunipa kidonge.» Hakuwa anatafuta njia ya kuponyoka. Alisadiki. Tulikuwa tumemfundisha kwamba wema wake unakaa katika chupa juu ya kabati.

Tangu siku hiyo tuliacha kuuliza tu kama kidonge chafaa. Tulianza kuuliza kama ni haki mzazi kumjaribia mtoto wake kitu ambacho hajui kama chafaa. Wengine watajibu upesi: si haki, mtoto si panya wa majaribio. Hatukubali. Mzazi hujaribu kila siku. Anajaribu uji wa mtama, anajaribu shule nyingine, anajaribu ukali, kisha upole. Asiyejaribu kitu amekata tamaa, na kumkatia mtoto tamaa ni kosa kubwa kuliko kununua chupa ya bure.

Tena matumaini ya namna hii si upuzi. Tazameni kisiwa cha Idjwi, katika ziwa letu hili. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Lwiro waliwapima watu wa huko, maana wengi walikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni, zaidi upande wa kaskazini, na watoto wengine walizaliwa na akili nzito. Watu walikuwa na maneno mengi juu ya jambo hilo, kama kawaida yetu. Sababu ilikuwa upungufu wa iodi katika chakula, na mihogo iliyoliwa kila siku iliongeza madhara. Waliwapiga watu sindano ya mafuta yenye iodi, na siku hizi tunaipata katika chumvi. Kitu kidogo kabisa, na bila hicho akili ya mtoto haikui sawasawa. Nani atathubutu kusema kwamba chakula hakiwezi kugusa akili?

Lakini angalieni tofauti. Wale walipima kwanza, wakaona kinachopungua, ndipo wakakirudisha. Sisi hatukupima kitu. Tulipewa jibu kwanza, tukalitafutia ulizo.

Na si sisi wajinga peke yetu. Mwaka 2006, katika jimbo la Durham huko Uingereza, wakubwa wa shule walitangaza kuwapa vidonge vya mafuta ya samaki wanafunzi wapata 5,000 waliokuwa wanajitayarisha kwa mtihani. Hawakuweka kundi jingine la kupewa vidonge vitupu, ili kulinganisha. Walioanza walikuwa kama 3,000. Waliovumilia mpaka mwisho walikuwa 832. Sasa fikirini: ni mtoto gani anayemeza vidonge kila siku kwa miezi mingi bila kukosa? Ni yule mwenye bidii, mwenye mama wa kumkumbusha. Huyo angefaulu hata bila samaki.

Ndiyo maana wataalamu wenye haki wanajifunga macho wenyewe. Wanawapa nusu ya watoto kidonge cha kweli na nusu kidonge kitupu, wala mzazi hajui mtoto wake amepata kipi, maana wanajua kwamba mzazi huona anachotumaini. Mwaka 2023 wataalamu wa Cochrane walikusanya majaribio 37 ya mafuta ya namna hii, yenye watu zaidi ya 2,300. Usikivu wa waliomeza haukuonekana kuwa tofauti na wa wale waliopewa vidonge vitupu. Juu ya chuma habari ni nyingine kidogo: mwaka 2008 huko Paris walijaribu kwa watoto 23 waliokuwa na upungufu wa chuma, na waliopewa walionekana kuendelea vizuri. Ni wachache mno. Lakini hao nao walipimwa damu kwanza.

Basi tulirudi kwa mganga, tukaanza upya. Alipima macho na masikio. Alipima damu, akatafuta minyoo. Aliuliza mtoto analala saa ngapi, nasi tulitazamana, maana katika chumba kile redio haizimwi kabla ya saa tano ya usiku. Akakuta minyoo, na damu pungufu kidogo. Alitupa dawa ya minyoo, na chuma cha miezi mitatu, akaandika katika kitabu siku ya kurudi kupima tena. Mafuta ya samaki tuliyaacha. Siku ya kwanza mkono wetu ulitetemeka, tukaogopa kwamba labda kesho ndiyo yangefanya kazi. Hayakubadili kitu.

Mtoto ana rangi nzuri sasa, na analala. Ndoo bado anaisahau. Mwalimu amemweka mbele, anampa hesabu moja moja badala ya tano, na hiyo moja anaimaliza. Akiimaliza tunamwambia yeye: «Umefanya vema.»

Mganga amesema tena juu ya zile dawa za hospitali tulizoziogopa zamani, kwamba zimewasaidia watoto wengi, na kwamba zinahitaji mtu wa kuziangalia. Hatujaamua. Tumeandika maulizo yetu juu ya karatasi: za muda gani, tutazame nini, tuziache lini kama hazifai. Ulizo moja aliliongeza mtoto mwenyewe, maana safari hii tumemwambia mambo yote. Ana miaka 11. Anataka kujua kama akizimeza ataacha kuona panzi.