Utukufu wa Milima na Sharti la Usalama

Iwapo milima na maziwa yana utukufu kwa asili yake, au huupata kutokana na hali ya yule anayeyatazama, ni swali la siku nyingi katika ujumi, yaani tawi la falsafa linalochunguza uzuri na sanaa. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, alilijadili mwaka 1790 kwa kutenganisha uzuri wa kawaida na ile hali ya kuzidiwa inayompata mtu mbele ya jabali au dhoruba, hali ambayo kwa Kiswahili inakaribiana na utukufu, neno tunalolitumia kwanza kwa Mungu ndipo kwa vitu. Aliweka sharti kwamba mtazamaji awe mahali pa salama. Utalii wa magari katika milima ya Alps umesimama juu ya sharti hilo, kwa kuwa msafiri huvuka kutoka Uswisi hadi kwenye maziwa ya Italia akisimama apendapo na kuondoka achokapo.

Barabara ya lami inayopanda kutoka Mwandiga, karibu na Kigoma, hadi Manyovu mpakani mwa Burundi, takriban kilomita 60, ingemfaa msafiri huyo, maana huliacha nyuma Ziwa Tanganyika, ambalo kwa kina limepitwa na Baikal peke yake duniani, na kuingia katika vilima vya migomba, maharage na kahawa. Hata hivyo, wengi waliopita katika nchi hii hawakuja kutazama. Waha, wenyeji wa Kigoma, walishuka kwenda kuwa manamba, yaani vibarua waliotambuliwa kwa namba katika mashamba ya mkonge, na Warundi walivuka mpaka wakikimbia mauaji mwaka 1972 na 1993, kisha machafuko ya mwaka 2015, ambapo maelfu walikwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikawakuta hapo, mpaka walipochukuliwa kwa awamu na Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, hadi Kigoma.

Kwa hoja ya Kant, watu waliokwama Kagunga hawakuweza kuuona utukufu, kwa sababu mwenye hofu hana nafasi ya kuhukumu. Hilo ni kweli kwa saa ya hofu yenyewe, lakini hukumu inaweza kuja baadaye. Katika Qurani, Musa alianguka na kuzimia pale mlima uliposagika mbele yake, na alipozinduka ndipo alipomtakasa Mola wake. Katika kitabu cha Kutoka, watu walitetemeka chini ya Sinai. Hakuna aliyekuwa salama katika masimulizi hayo mawili, na hakuna muumini anayesema kwamba utukufu haukuwapo. Waha na Warundi, ambao humwita Mungu kwa jina moja la Imana, nao hawajapata kuufanya usalama wa mja kuwa kipimo cha ukuu wake. Kwa hiyo sharti la Kant libaki katika mjadala wa starehe, ambako linafaa sana, na liondolewe katika mjadala wa utukufu.