Kiinimacho cha Kuiga

Mazingaombwe ni udanganyifu wenye ridhaa: mtazamaji hulipa ili adanganywe, naye hurudi kwake amefurahi. Kuuza nakala ya kiinimacho ni udanganyifu usio na ridhaa, maana aliyekibuni hakuulizwa.

Teller, mwanamazingaombwe wa Marekani, alibuni mchezo wa kukata kwa kisu kivuli cha waridi, na ua lenyewe likapukutika. Aliusajili mwaka 1983. Mwaka 2012 mwigizaji mmoja wa Ulaya alitangaza kuuza mchezo wa namna hiyo. Teller akamshtaki, na mwaka 2014 mahakama ya Nevada ikampa haki. Lakini sheria ililinda uigizaji, si siri ya ufundi wenyewe.

Basi siri hulindwa na nani? Hulindwa na dhamiri ya mnunuzi. Yeye husema hakuiba, bali alinunua kwa bei aliyoimudu. Uchache wa fedha ni udhuru wa kungoja, si wa kudhulumu. Mwizi asiye na mnunuzi huacha wizi. Anunuaye nakala hali akijua hula jasho la mwenziwe, na makofi ayapatayo jukwaani ni deni asilolilipa.