Mkono chini ya tumbo

Nina miaka 26 na mwaka huu ndiyo nimeanza kujifunza kuogelea. Nilizaliwa Uvira, nikakua nalitazama Tanganyika kila siku, lakini nilikuwa mtu wa kunawa miguu tu. Sasa naishi Bujumbura. Nikisimama kwenye mchanga wa Kajaga, naiona milima ya kwetu ng'ambo.

Mwalimu wangu ni kijana wa miaka 16, wa kikundi ninachokisimamia. Nchi kavu mimi ndiye namwelekeza. Majini ananiamuru yeye: "Yaya, shusha kichwa!" Ananifundisha krauli, ule mtindo huru. Uso uangalie chini, utoe pumzi ndani ya maji, halafu ugeuze kichwa pembeni kidogo uvute hewa. Mimi nikiogopa nakiinua, na kichwa kikipanda, miguu inazama. Kumbe woga wenyewe ndio unanizamisha.

Wiki tatu za kwanza aliniwekea mkono chini ya tumbo. Siku moja akautoa bila kuniambia. Nikanywa maji, nikasimama na hasira: "Unataka kuniua?" Akajibu: "Yaya, umeshapiga mikono minne peke yako."

Je, alifanya vizuri? Sisi wakimbizi mkono huo tunaujua. Ukiondolewa ghafla, kama posho ikikatwa, watu wanazama kweli. Ukibaki siku zote, mtu anaanza kuamini kwamba mwili wake hauwezi kuelea. Anayesaidia anahesabu mikono minne. Anayesaidiwa ana maji mdomoni. Wote wawili wanasema kweli.

Mwaka 2000, kwenye Olimpiki ya Sydney, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 mtindo huru peke yake, wenzake wawili wakiwa wameondolewa. Alikuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu kabla. Mwishoni alikaribia kuzama, watu wakamshangilia mpaka akafika. Lakini hakuna aliyemtupa majini. Aliingia mwenyewe.

Kwangu tofauti iko hapo. Basi tumekubaliana na kijana: mimi ndiye nasema "toa", na yeye akitoa asiende mbali. Alikubali, ila akaniuliza: "Yaya, siku ile ningekungojea, ungesema lini?"

Sikuwa na jibu. Jumamosi iliyopita nilikawia sana kusema. Alingoja.