Nani Atakula Taka Zetu?

Wapo wanaosema sumu si tatizo tena bwana, siku hizi kuna vijidudu vya kuila. Wanalisema kwa raha, kama watu waliofutiwa deni. Raha hiyo ndiyo inayonikera.

Sayansi yenyewe sibishani nayo. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez ilipanda mwamba kule Alaska, ikamwaga mafuta kiasi cha lita milioni 41. Bakteria wa kula mafuta walikuwa wapo pwani zamani. Walichopungukiwa ni naitrojeni na fosforasi. Basi wataalamu wakanyunyizia mawe mbolea, kama mkulima na mahindi yake, na wadudu wakachapa kazi. Hata hivyo, mafuta yaliyojificha chini ya changarawe, pasipo hewa ya kutosha, yalikuwa bado yanachimbuliwa mwaka 2001.

Liko jambo linaloniogofya zaidi. Trikloroethilini, kemikali ya kuondolea grisi kwenye vyuma, ikizama ardhini huvunjwa na bakteria wengine wasiotaka hewa, hatua kwa hatua, klorini moja moja. Kazi ikiisha hubaki ethilini, ambayo haina neno. Ikikatika njiani hubaki vinili kloraidi, iletayo saratani ya ini, mbaya kuliko ile ya kwanza. Sasa hebu niambie, ndugu msomaji: aliyemwaga atakuwapo mpaka hatua ya mwisho, au atakuwa keshauza kiwanja akaenda zake?

Na risasi je? Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu kiliwasambazia wakazi madini hayo mpaka kikafungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Risasi ni elementi. Mdudu anaweza kuishika isitembee, lakini kuivunja ikawa kitu kingine, hawezi katu. Mama wa pale umpelekee habari za bakteria, akufanyie nini?

Mimi nasema watumike, tena sana. Ila kusafisha ni kazi, si msamaha. Bakteria anashiba tu, hana mamlaka ya kumsamehe mtu kwa niaba ya mtoto aliyekunywa maji yale. Anayetaka kufungua kiwanda aweke kwanza fedha za kuwalisha wadudu na za kupima visima miaka yote hiyo, kabla pipa la kwanza halijafunguliwa. Ati masharti hayo yatawakimbiza wenye mitaji. Wengine watakimbia, sikatai.